KITU KUWEKWA PASIPO PAKE: Maneno juu ya Moshi, Dhahabu na Haki ya Jirani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeinua mbingu na akaweka mizani, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Mwanafunzi yeyote aliyekaa chuoni hupewa mapema maana ya neno dhulma. Wanavyuoni wetu husema kuwa dhulma ni kukiweka kitu mahali pasipokuwa pake. Watu wengi wakisikia dhulma hufikiri kupigwa, kunyang'anywa na kufungwa bila ya makosa. Hizo ni dhulma, lakini maana ya neno ni pana zaidi. Mali ya yatima si kitu kibaya. Ikiingia tumboni mwa wasii ni moto. Ulimi ni neema. Ukitumiwa kwa ushahidi wa uongo ni msiba. Kitu ni kile kile, ila mahali ndipo palipobadilika.

Tumeanza kwa maneno haya kwa kuwa leo twataka kusema juu ya hewa tuivutayo, na katika elimu ya hewa umo mfano wa jambo hili ulio wazi kuliko yote tuijuayo.

Mbali juu ya vichwa vyetu, baina ya kilomita 15 na 35 hivi, Mwenyezi Mungu ametandaza hewa iitwayo ozoni. Kazi yake ni kuizuia miale mikali ya jua, ambayo lau ingetufikia yote ingeharibu macho na ngozi zetu na mimea ya mashambani. Ilipodhihiri kwamba gesi zilizokuwa zikitumiwa katika majokofu na makopo ya kupulizia zinaitoboa sitara hiyo, mataifa yalikutana Montreal mwaka 1987 yakafunga mkataba wa kuzikomesha, na Kenya iliingia katika mkataba huo. Ofisi inayousimamia iko Nairobi. Hiyo ndiyo ozoni ikiwa mahali pake, nayo ni rehema.

Sasa ozoni hiyo hiyo ikipatikana hapa chini tunapopumua, huwa ni sumu. Huyachoma mapafu, humzidishia maradhi mwenye pumu, na hupunguza mavuno ya mkulima wa maharage na ngano. Na lililo la ajabu ni kuwa haitoki katika dohani yoyote. Huzaliwa hewani. Moshi wa magari, wa viwanda na wa moto wa mashamba hupanda. Mvuke wa petroli na wa rangi hupanda. Kisha jua kali huvipika pamoja vikawa ozoni. Jambo hili lilibainishwa na mkemia Arie Haagen-Smit mjini Los Angeles katika miaka ya mwanzo ya 1950, watu wa mji huo walipokuwa wakitokwa na machozi mchana bila ya kujua sababu. Na huenda ikazaliwa mbali na ulikotoka moshi wenyewe, kwa kuwa upepo huuchukua; moshi wa mji mmoja ukawa maradhi ya kijiji cha pili.

Mzingatie, ndugu yetu, udhia wa aina hii. Mwenye kuufanya hauoni, na mwenye kudhurika hajui amshitaki nani. Kila mmoja alitia kijiti chake kidogo katika moto, na hapana hata mmoja awezaye kuambiwa kuwa moto wote ni wake. Kwa hivyo haitoshi kila mtu kuachiwa dhamiri yake. Yapasa awepo mwenye kupima na mwenye kukataza, na huyo kwa desturi ya wanaadamu wote ni serikali. Tutalirudia jambo hili mbele, inshaallah.

Katika mwezi wa Muharram 1446, yaani Julai 2024, tulialikwa na ndugu zetu Waislamu wa pande za Nyanza Kusini, nasi tukenda. Tulipita Kendu Bay, mji wa bandari wenye msikiti wa kale, tukafika Homa Bay ukingoni mwa ziwa, kisha tukashuka kwa Rongo na Awendo mpaka Migori. Wengi wetu huku pwani hatuzijui nchi hizo ila kwa majina. Watu wake ni wakarimu, Waislamu wake ni wachache na wenye hima ya dini, na ardhi yake ni tajiri. Lakini katika siku zetu zote huko tulikuwa hatutoki katika moshi mmoja ila tukaingia katika mwingine.

Ufukweni mwa Homa Bay tuliwakuta akina mama wakikausha samaki kwa moshi juu ya matanuri ya udongo, macho mekundu, na watoto wachanga mgongoni. Awendo pana kiwanda cha sukari kilichoanza kusaga miwa mwaka 1979, na nchi yote iliyokizunguka ni miwa. Shamba la miwa linaposhika moto, jivu jeusi husafiri na upepo likatua juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya chakula kilichopakuliwa. Upande wa Kuria tuliyaona mabanda ya kukaushia tumbaku, ambayo hutiwa kuni mchana na usiku mpaka majani yapate rangi yake. Na moshi huo ukiisha kumuumiza mkulima na wanawe, humngoja mvutaji katika mji wa mbali. Moshi mmoja unaua mara mbili.

Lakini lililotukata maini lilikuwa Nyatike, katika machimbo ya dhahabu. Dhahabu ya nchi ile imechimbwa tangu siku za Waingereza. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa mwaka 1966, na tangu hapo wachimbaji wadogo wadogo wamekuwa wakiifuata kwa nyundo na sururu. Mawe huvunjwa na kusagwa, unga huoshwa, kisha hutiwa zebaki, nayo zebaki huikusanya dhahabu ikawa donge moja laini. Donge hilo huwekwa juu ya makaa. Zebaki huruka ikawa mvuke, na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu huuvuta asijue. Nao huingia katika damu na ubongo, hutetemesha mikono, huharibu figo, na hupita kwa mama mja mzito mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Unaobaki hutua juu ya mapaa na mashamba, huteremka mitoni, huingia ziwani, na huko hugeuka sumu iingiayo katika samaki. Ulimwengu uliyajua madhara ya zebaki ilipodhihiri maradhi ya watu wa Minamata huko Japani mwaka 1956. Mkataba wa mataifa uliochukua jina la mji huo ulifungwa mwaka 2013, na Kenya iliuridhia mwaka 2023.

Tulimkuta mama mmoja wa makamo ameinama juu ya jiko la makaa, na mjukuu wake ameketi hatua mbili naye. Tulimsalimu, kisha tukamwambia: "Mama, mvuke huo ni sumu, na mtoto yuko karibu."

Akatuambia: "Sheikh, nimeambiwa. Walikuja watu wa serikali wakatuambia. Kisha wakaenda zao, na sisi tukabaki na njaa yetu."

Hatukuwa na la kumjibu. Akaendelea kupepea makaa, kisha akatuuliza: "Na yule anayeivaa, yeye ameambiwa?"

Ndugu zetu, suala hilo tumerudi nalo Mombasa na mpaka leo hatujaweza kulitua. Kwani anayeivaa ni nani? Ni sisi. Ni sisi watu wa miji ya pwani ambao arusi kwetu haitimii ila kwa seti ya dhahabu, mikufu na bangili na vipuli, na masonara wetu hatuwaulizi ila bei na karati. Dhahabu haina alama ya kuonyesha ilitoka kwa mchimbaji gani. Huenda iliyo shingoni mwa binti yako ilitoka nchi ya mbali. Na huenda ilitoka katika jiko la makaa la mama yule. Sukari tuitiayo katika chai, na samaki wa ziwa wanaouzwa sokoni kwetu, hali yao ni hiyo hiyo. Twala na twavaa, na moshi twawaachia wenyewe.

Hapa tumeikumbuka hadithi mashuhuri iliyopokewa na Imamu Bukhari kwa Nu'man bin Bashir, Mwenyezi Mungu amridhie, ambayo Mtume wetu (S.A.W.) aliwapigia mfano watu waliopiga kura katika jahazi, baadhi yao wakapata juu na baadhi yao chini. Wa chini walikuwa wakitaka maji huwapitia wa juu. Wakaona heri watoboe tundu katika sehemu yao, wasiwaudhi wenzao. Mtume akatufundisha kwamba wa juu wakiwaacha, wataghariki wote. Na wakiwashika mikono, wataokoka wote.

Hadithi hii huisikia kila mwaka juu ya mimbari, na sisi wenyewe tumeisomesha mara nyingi. Lakini baada ya safari ile tuliona ndani yake jambo ambalo hatukuwa tukilitilia maanani. Wale wa chini hawakuwa wabaya. Walikuwa na kiu. Wala hawakukusudia kumdhuru mtu; walitaka kuwapunguzia wenzao taabu. Basi kuwashika mikono ni wajibu, lakini mwenye kumshika mkono mtu mwenye kiu akaishia hapo, amefanya nusu ya wajibu. Nusu ya pili ni kumpa maji. Na maji walikuwa nayo wa juu.

Sasa tutazame hukumu ya jambo lenyewe, maana wapo watakaotupinga, na haki yao ni kujibiwa.

Atasema msemaji: "Uhai na mauti ni kadari, mwenye kuandikiwa maradhi atayapata, kuwe na moshi au kusiwe." Tutamjibu kuwa hoja hii ilijibiwa zamani na aliye mbora kuliko sisi. Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu kuwa anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari yake nyingine. Kuzuia madhara ni kadari kama yalivyo madhara yenyewe. Na Mwenyezi Mungu ametukataza katika Kitabu chake kujiangamiza kwa mikono yetu.

Atasema wa pili, naye huenda akawa ni mwanafunzi aliyesoma vitabu: "Katika madhehebu yetu ya Shafii mtu ana haki ya kufanya katika milki yake alipendalo. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa mtu yafaa aifanye nyumba yake, iliyozungukwa na maskani ya watu, kuwa hamamu, na duka lake lililo katikati ya wauza nguo kuwa duka la mhunzi." Tutamwambia: umesema kweli, lakini umeifunga juzuu kabla ya kuimaliza mas'ala. Imamu Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, ametia sharti: achukue hadhari, na aziimarishe kuta. Na kabla ya hapo amesema kuwa mwenye kutumia milki yake kinyume cha ada akadhuru, atalipa. Ama wenzetu Wamaliki wao wamekaza zaidi, wakampa jirani haki ya kuuzuia moshi wa tanuri na hamamu unaomuudhi. Madhehebu mbili zimetafautiana katika pahali pa kuanzia, lakini zimekutana katika jambo moja: moshi wa mtu ukiisha kuvuka ukuta wake, maneno ya "milki yangu" yamekwisha.

Na hizo kuta za leo ni zipi? Za zamani zilikuwa za mawe na chokaa. Za leo ni dohani ndefu na chujio la masizi kwa mwenye kiwanda. Ni chombo cha chuma kinachofunikwa juu ya donge la dhahabu, kikaunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ile ile, ikatumika tena. Ni banda la kukaushia lenye tanuri lisilopoteza moto. Ni jiko lenye njia ya kutolea moshi nje. Mwenye uwezo wa kuzijenga kuta hizi asizijenge ametoka katika sharti la Nawawi, hata awe na hati ya shamba ya karne.

Atasema wa tatu: "Mtawafungia watu riziki zao." Huyu ndiye tunayempa sikio zaidi, kwa ajili ya mama yule wa Nyatike. Katika kanuni kubwa za fikihi ni kuwa madhara huondolewa, na kanuni inayoifuata ni kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kumpokonya mchimbaji jiko lake na kumwacha na njaa si kuondoa madhara. Ni kuyahamisha kutoka mapafuni kwenda tumboni. Hilo nalo ni kukiweka kitu pasipo pake. Lakini njia zipo. Huko huko Migori, mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa na serikali walianza mpango wa kuwasaidia wakulima wa tumbaku kuhamia katika maharage yenye madini mengi ya chuma, na mavuno yao yakapata mnunuzi. Mkulima hakuambiwa "acha" na kuachwa njiani. Aliambiwa "acha hili, ushike hili". Hiyo ndiyo njia ya kumshika mtu mkono na kumpa maji pamoja.

Atasema wa nne: "Hizi ni sheria za serikali, zimetungwa na wanaadamu, Waislamu zatuhusu nini?" Neno hili latusikitisha, kwa kuwa mwenye kulisema hajui kuwa jambo hili lilikuwa letu kabla ya kuwa lao. Miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasibu, ambaye kazi yake ni kuamrisha mema na kukataza mabaya sokoni na njiani. Mawardi, aliye katika maimamu wa madhehebu yetu, amemwekea mlango mzima katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Na Shaizari, aliyeandika muongozo wa kazi hiyo huko Sham katika karne ya 12, alitaka mapaa ya maduka ya waokaji mikate yanyanyuliwe na matanuri yao yawekewe matundu mapana ya kutolea moshi, ili watu wasidhurike. Tazama basi! Miaka mia nane na zaidi imepita tangu mwanachuoni wa Kiislamu aandike kanuni ya dohani, na sisi leo twasema moshi si jambo la dini.

Mtume wetu (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu thaumu asiingie msikitini na harufu yake, na thaumu ni chakula cha halali. Ikiwa harufu ya dakika chache imezingatiwa, itakuwaje sumu ya mwaka mzima?

Wenzetu wa nchi nyingine wamejifunza kwa misiba. Disemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji wa London siku tano, wakafa watu kwa maelfu. Mwaka 1956 Bunge lao likatunga Sheria ya Hewa Safi. Marekani, kwa sheria yao ya mwaka 1970, iliwekwa mipaka ya vitu vichafu katika hewa, ozoni ikiwa mojawapo, na kila jimbo likatakiwa kuleta mpango wa kuifikia mipaka hiyo. Shirika la Afya Duniani katika muongozo wake wa mwaka 2021 limeona ozoni isizidi mikrogramu 100 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa muda wa saa nane. Hizi ni mizani. Mtu anaweza kuzijadili, lakini hawezi kusema hazipo.

Na Kenya? Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Ibara ya 70 imempa yeyote ruhusa ya kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, wala hakumlazimu kuthibitisha kuwa yupo mtu aliyepata hasara au jeraha. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta idara ya NEMA, na mwaka 2014 zikatolewa Kanuni za Ubora wa Hewa zenye mipaka ya vumbi laini, gesi za salfa na nitrojeni, risasi na ozoni. Karatasi zetu ni nzuri.

Lakini Mwenyezi Mungu alipotutajia mizani katika Sura ya Rahman, hakutwambia tuwe nayo tu. Alituamrisha tuisimamishe kwa uadilifu wala tusiipunje. Mizani iliyofungiwa sandukuni haimpimii mtu. Mpaka ulioandikwa kitabuni, na pembeni mwa machimbo hapana chombo cha kupima wala mtu wa kukitazama, ni mizani ya sandukuni. Mama yule aliambiwa na watu wa serikali. Hakupimiwa, hakuletewa chombo, wala hawakurudi.

Na tusidhani kuwa haya ni ya Nyanza peke yake. Hapa Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, na mpaka kilipofungwa mwaka 2014 risasi ilikwisha kuingia katika damu za watoto. Wanakijiji walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 wakahukumiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 hukumu hiyo ikatenguliwa katika rufaa, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Na katika waliobebeshwa lawama zilikuwamo idara za serikali zenyewe, kwa kuwa waliopewa mizani hawakuitumia. Katika hukumu ile yamo mazingatio mawili. Kwanza, wanyonge wakisimama kwa umoja na subira sheria huwasikia. Pili, damu ya mtoto haingoji rufaa. Afadhali mpimaji mmoja anayekuja mapema kuliko mahakimu wengi wanaokuja baadaye.

Tumewasema watu wengi, na sasa insafu yatulazimu kujisema wenyewe. Kwa miaka mingi, katika madrasa yetu, taka zilikuwa zikichomwa nyuma ya ukuta kila Alhamisi baada ya masomo: makaratasi, makumbi, vifuu, na chupa za plastiki. Amri ilikuwa yetu. Mtoto mmoja katika wanafunzi alikuwa na pumu, naye akawa haji siku za Alhamisi. Tulimkemea mbele ya wenzake kwa uvivu. Mama yake alikuja mlangoni akasema kwa adabu: "Maalim, moshi wenu humbana kifua." Tulimjibu kuwa mtoto adekezwe kidogo. Mwezi uliofuata akamwondoa, nasi hatukumfuata. Tulikuwa twasomesha siku zile zile mlango wa haki za jirani.

Tuliporudi Migori tulimtafuta mama yule. Alikuwa angali katika mtaa ule ule. Tukamwomba radhi, akatusamehe, Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini miaka ya masomo iliyompita mwanawe hatuwezi kuirudisha. Taka za madrasa hatuzichomi tena. Tumeyaandika haya si kwa kupenda, ila kwa kuwa hatukuona haki kumnyooshea kidole mama wa Nyatike, aliyefukizwa na njaa, na sisi tulitoa moshi wetu kwa uvivu.

Baada ya hayo, nasaha zetu kwa ndugu zetu ni hizi.

Kwanza, tusafishe penye mikono yetu. Taka zisichomwe nyuma ya misikiti, madrasa wala majumba. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na wengi wanaouvuta ni wanawake na watoto. Mwenye uwezo wa gesi asimpikishe mkewe kwa kuni kwa ubahili. Na asiye na uwezo afungue dirisha na aweke njia ya moshi. Hata udi na ubani wetu, ambao ni mwema, chetezo kisiwekwe katika chumba kilichofungwa alimolala mtoto mchanga. Kila kitu na mahali pake.

Pili, tumuulize sonara. Muulize dhahabu hii yatoka wapi, na ilichomwaje. Huenda leo asijue. Wakiuliza watu mia, atamuuliza aliyemuuzia, na huyo atamuuliza mwenzake, mpaka suali lifike Nyatike likiwa na bei ndani yake. Na mahari nayo tuyapunguze. Dini haikuyatukuza kwa uzito wa mikufu.

Tatu, twapendekeza kwa wenye nafasi kuwa katika sadaka zao za kuendelea wazitie vyombo vya kunasia zebaki kwa wachimbaji wa Migori, na majiko bora kwa wakaushaji samaki wa Homa Bay, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, kwani jirani ni jirani. Anayechimba kisima hupata thawabu kila kinaponywewa. Hatuoni kwa nini anayesafisha hewa asipate mfano wake, maana mtu huweza kukaa siku nzima bila ya maji, na hawezi kukaa dakika kumi bila ya hewa.

Nne, tuitake serikali, ya taifa na za kaunti, iitoe mizani sandukuni: ipime, itangaze ilichopima kwa lugha ambayo watu waijua, na iwaanze wenye madohani makubwa kabla ya mama mwenye jiko la makaa. Sheria inayomkamata mdogo na kumpita mkubwa ni ile iliyowaangamiza waliotutangulia, kama alivyotuonya Mtume wetu (S.A.W.). Mashekhe na kamati za misikiti wahudhurie baraza zinapoitwa za kutoa maoni juu ya viwanda na machimbo. Viti vyetu huko vimekaa vitupu siku nyingi.

Tano, mwenye kudhurika asinyamaze, na mwenye kuona asiseme "si mimi". Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Na hewa ni njia tupitayo sote, kila pumzi.

Mama wa Nyatike aliuliza kama mvaaji ameambiwa. Sasa ameambiwa. Lililobaki ni baina ya mvaaji na Mola wake.

Ewe Mola wetu, utusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua na tuliyoyafanya kwa kutojali. Uwaponye wenye maradhi ya kifua katika miji yetu na mashamba yetu, uwape wachimbaji riziki isiyokuwa na sumu, uwaongoze watawala wetu wasimamishe mizani kwa uadilifu, na utujaalie sisi kuwa katika wanaokiweka kila kitu mahali pake. Amin.